Gazeti la sayansi la darasa: fizikia au uandishi wa habari?

Kwenye kikao cha wazazi wa Form Two juzi baba mmoja kasimama akauliza, hivi huyu ticha wa fizikia anafundisha fizikia au uandishi wa habari? Maana madogo wamegawanywa makundi ya sita sita, kila kundi litoe ukurasa wa gazeti la sayansi, linabandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, ila sikubisha pia, kwa sababu mengi aliyosema ni kweli.

Kipindi ni dakika 40, darasa lina watu sabini na kitu, silabasi yenyewe haiishi hata bila gazeti, na mtihani wa NECTA hautauliza nani alichora katuni. Afu kuna utegaji. Nani hajawahi kuwa na mwenzake ambaye kwenye kikundi analeta jina tu? Enzi zetu mimi ndo nilikuwa na mwandiko mzuri, basi nikageuzwa mashine ya kuchapa, nikanakili usanisinuru yote bila kuelewa hata mstari mmoja, na maksi tukapewa sawa wote. Hapo sina cha kupangua.

Ila ukisema gazeti ni gundi na rangi tu, hapo ndo hatujaelewana. Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, Magamba sekondari kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu, yeye kaweka maziwa kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzie ambayo hata hayakuchemshwa. Kumuuliza mwalimu kwa nini, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaja kuuliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya Denis Osborne wa chuo kikuu Dar aliyekuja kutoa mhadhara, wenzake wakacheka, ila Osborne akarudi Dar akaagiza ijaribiwe maabara. 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la Physics Education.

Sasa kinachonikaa mimi kichwani sio aiskrimu, ni jinsi dogo alivyoanza kuandika. Kataja jina lake, afu kasema ugunduzi wake ulitokana na kutumia friji vibaya. Yaani basi! Hakuna "jaribio lilifanyika". Na makala yenyewe ni ya watu wawili, mmoja anasimulia alichokiona, mwingine anaweka vipimo, na hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo lenyewe lipo kweli au ni makosa ya kupima. Kama hiyo sio kazi ya kikundi sijui ni nini.

Swali kama lile kwa mtoto wa leo linaandikwa wapi? Kwenye daftari la notsi? Pale anaandika kilichopo ubaoni, kwa Kiingereza ambacho mwaka juzi tu alikuwa hasomei, anameza maana ya "evaporation" neno kwa neno, anapata vema, maisha yanaendelea. Ukutani kumeza hivyo haiwezekani, kwa sababu Form One atasimama pale asome na asielewe, na kabla yake kuna mhariri, mwanafunzi mwenzie, anamuuliza we umejuaje kwamba mtungi unapoza maji? Hilo "umejuaje" mimi naliona lina thamani kuliko vipindi viwili vya kunakili.

Utegaji nao una dawa, na sio kulifuta gazeti. Ticha amsimamishe yeyote kati ya wale sita aeleze ukurasa mzima, akikwama kundi zima linakatwa. Mwenye mwandiko mzuri asiandike mara mbili mfululizo (natetea haki zangu za zamani hapa). Na mada zitoke nyumbani, ile ya kunakili Google itapungua yenyewe, Google haijui maji ya mtungi wa bibi yako yana nyuzi ngapi saa nane mchana.

Baada ya kikao nikapita ukutani. Ukurasa wa mtungi una jedwali la siku tano, siku moja imekatwa kwa peni nyekundu, na pembeni mwandiko mwingine kabisa umeandika: hii tuitoe, mlisahau kufunika.