Nguzo 24, Watoto 44

Jumamosi ile mwongoza watalii alituhesabia nguzo. Alisimama kando ya mto Saône, akanyoosha mwavuli kuelekea ng'ambo, kwenye Mahakama ya zamani ya Lyon, Ufaransa, akahesabu kwa sauti mpaka akafika 24. Akatueleza kwamba ni za Kikorintho, kwamba msanifu wa jengo ni Louis-Pierre Baltard, kwamba ujenzi ulianza 1835 na kuchukua miaka kama kumi, na kwamba Victor, mwanawe, ndiye aliyekuja kujenga soko la Les Halles kule Paris. Tukapiga picha, tukaenda kula.

Watoto 44 hakuwataja hata kwa neno moja.

Nimerudi nyumbani na hasira bado ninayo. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Mahakama ya zamani ya Lyon inapendeza. Ukivuka lile daraja jekundu la waenda kwa miguu, huku kilima cha Fourvière kikiwa nyuma ya paa, lazima usimame uitazame. Mwongozaji naye alikuwa na saa mbili tu na mji mzima wa kuonyesha. Lakini mtu aliyepata muda wa kumtaja mtoto wa msanifu alikosaje muda wa kuwataja watoto wa Izieu?

Jumapili nilirudi peke yangu. Ilikuwa ile wikiendi ya Septemba ambapo Wafaransa hufungua majengo yao ya urithi. Nikapanda ngazi (mzee mwenye magoti mabovu zitamtesa), nikapekuliwa, nikaingia ukumbi mkubwa wanaouita Salle des Pas Perdus, yaani Ukumbi wa Hatua Zilizopotea. Ndipo watu walipokuwa wakizunguka na kuzunguka wakisubiri kuitwa. Mwaka 1987 ukumbi huo uligeuzwa chumba cha kesi, kwa sababu vyumba vya kawaida visingetosha mashahidi, mawakili, waandishi na wananchi waliokuja kumsikiliza Klaus Barbie akisomewa aliyoyatenda alipokuwa mkuu wa Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mjini humo.

Aprili 6, 1944, watu wake walivamia nyumba ya watoto wa Kiyahudi kijijini Izieu, wakachukua watoto 44 pamoja na walezi wao saba. Hakuna hata mtoto mmoja aliyerudi. Kati ya wale walezi alirudi Léa Feldblum peke yake, na miaka 43 baadaye alisimama ndani ya ukumbi huu akasema. Alisimama pia Sabine Zlatin, mwanzilishi wa nyumba ile, ambaye siku ya uvamizi alikuwa Montpellier akiwatafutia watoto mahali salama pa kuhamia. Alikuwa na miaka 80. Aliiuliza mahakama: hao watoto walikuwa nini, wapiganaji? Barbie hakuwepo kulijibu swali hilo. Siku ya tatu tu ya kesi alikuwa amekataa kuendelea kuhudhuria. Mashahidi wakaendelea kusema hata hivyo, wiki baada ya wiki, na usiku wa kuamkia Julai 4 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kesi yote ilirekodiwa kwa filamu, ya kwanza chini ya sheria ya 1985 iliyoletwa na Robert Badinter, waziri wa sheria wa wakati huo. Baba yake Badinter alikamatwa Lyon mwaka 1943 katika msako wa Gestapo ya Barbie, akafia Sobibor, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Ukishajua hilo, utawezaje kusimama hapa ukahesabu nguzo?

Nami hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu mimi ni mtu wa Arusha. Kwa miaka nilipita mbele ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, kwenye kifodi, wakati mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipokuwa ikiendelea mle ndani. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hilo liliwezekana kwa sababu wanawake walikubali kuja kusema. Mmoja tunamjua kwa herufi mbili tu, JJ. Palikuwa na viti vya wananchi nyuma ya kioo. Sikuingia hata siku moja.

Jumapili ile usiku nilimpigia simu mama mdogo, aliyekuwa akipika chakula karibu na AICC, akawauzia hata mawakili.

"Mama, wewe uliwahi kuingia?"

"Niingie kufanya nini, mwanangu? Kule tulijua ni kwa wakubwa."

Hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa. Labda na sisi tulihesabu magari ya Umoja wa Mataifa getini, tukaona inatosha.

Jumatatu, kabla ya treni, nilirudi Lyon ya zamani mara ya tatu. Jengo lile bado ni mahakama ya rufani, na kesi kubwa za jinai bado zinasikilizwa mle, hadharani. Nikaketi benchi la nyuma. Mwanamke mmoja alikuwa akitoa ushahidi, na Kifaransa changu kilishika nusu tu ya maneno yake. Nilikaa mpaka alipomaliza.