Shida iko kwa ile taa ya kijani

Mwasema ajali za kwenye makutano zaletwa na madereva wanaopita taa nyekundu, sawa wapo, lakini mimi niko barabarani hapa Mombasa kila siku na naona shida kubwa iko kwa ile kijani. Kijani ya mshale na kijani ya duara si kitu kimoja jamani! Mshale wa kulia ukiwaka, wanaokuja kutoka mbele yako wamesimamishwa, kata kulia uende zako, lakini ikiwa ni duara tupu hata wao huwa wana kijani, kwa hivyo wewe unayekata kulia ndio wa kungoja, anayekuja moja kwa moja apite kwanza. Sasa tuktuk yajikatia tu, matatu ishashika kasi yatoka upande wa pili, na mama na mtoto wake wavuka pale pale inapoingia tuktuk. Stima zikipotea ndio balaa kabisa, kila mtu ajiona ndiye wa kwanza. Na askari wa trafiki akiwepo mkono wake washinda taa, hilo pia wengi hawalijui. Nyinyi wenzangu, huko shule ya udereva mlifunzwa hii ya mshale ama mlisukumishwa tu vile vigari vya kwenye ubao mkapewa leseni?