Prado la Baba Mkubwa lilivyodai maji

Wachaga wenzangu mnajua ikishafika tarehe 20 Desemba lazima twende nyumbani kuhesabiwa, hakuna kisingizio, hata kama unadaiwa kodi unaenda hivyo hivyo, na mwenye nyumba wako utamkuta Same hapo anakula ndafu naye anaenda kuhesabiwa. Sasa mwaka ule mimi nauli sina, mabasi yenyewe yameshajaa, nikajipendekeza kwa Baba Mkubwa. Nikamwambia Baba Mkubwa wewe pumzika, umri umeenda, gari nitaendesha mimi, magari nayajua. Nayajua kwa kuangalia video, hiyo sehemu sikuisema.

Baba Mkubwa ni mwalimu mkuu mstaafu. Nadhani nikiishia hapo mmeshaelewa. Ni mtu ambaye akisema leo ni Jumatano basi Alhamisi inasubiri. Alikuwa ndo kaagiza Prado ya dizeli kutoka Japani, kiinua mgongo chote kimeishia pale, gari zuri kwa kweli, tatizo dashbodi yote inaongea Kijapani.

Kama wiki tatu kabla ya safari kikatokea kitaa cha njano na maandishi na namba. Nikatoa simu, nikapiga picha ile programu itafsiri, simu ikaleta "maji ya mkojo yamepungua". Nikasoma kwa sauti. Kimya. Baba Mkubwa akanitazama mimi, akalitazama gari, akauliza, "Linataka mkojo wa nani?" Siku mbili nzima wajukuu wakapigwa marufuku kusogelea lile gari. Mimi nilikuja kujua baadaye kwamba Wajapani neno urea wanaliandika na ile herufi yao ya mkojo, kwa hiyo simu ya watu haikukosea sana, lakini wakati ule nani wa kuniambia.

Nikaenda Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, kuulizia, jamaa wa spea akacheka, akaniambia hiyo ni adiblu, ndo hayo maji ya urea yenyewe, akanitolea dumu la lita 10 na kamrija kake. Limeandikwa ISO 22241, nikajua hiyo TIN namba ya mwenye duka. Limeandikwa na 32.5%, nikasema heee, karibu inaifikia Konyagi. Nikalitupa kwenye buti na kulisahau, wiki tatu linachemka na jua la Dar.

Siku ya safari tumetoka Kimara saa kumi alfajiri. Baba Mkubwa mbele, nyuma Mama Mkubwa na Shangazi, katikati yao sufuria. Hilo sufuria nalitaja kwa heshima maana ni mhusika. Sufuria jipya la alumini la kupikia pilau la watu hamsini, linang'aa mpaka unajiona meno, Mama Mkubwa kalinunua Kariakoo kwa ajili ya Krismasi na kalifunga kitenge kama mtoto mchanga.

Zile namba kwenye dashbodi zilikuwa zinashuka tu. Tumefika Chalinze Baba Mkubwa akauliza, "Hizi namba zinahesabu nini?" Mimi mjuaji nikamjibu, "Kilometa zilizobaki kufika Moshi, Baba Mkubwa, haya magari ya kisasa yanajua." Akafurahi kweli, akamgeukia Shangazi, unaona Wajapani hawa? Shida ikaja tulipokaribia Mombo, mwalimu wa hesabu kaona kibao cha barabarani kinasema Moshi bado kilometa zaidi ya mia na hamsini na gari linasema 40. "Nani muongo hapa, serikali au Mjapani?" Mimi jasho. Maana muongo nilikuwa mimi, zile zilikuwa kilometa zilizobaki kabla gari halijagoma. Lilivyo, namba zikiisha hata halizimiki barabarani, linakwenda tu vizuri, ila ukilizima umelizima, haliwaki tena mpaka lipewe kitu chake.

Tukaingia sheli pale Mombo. Joto la Mombo la Desemba silielezi, aliyepita anajua. Tukaweka dizeli lita 50, nikashusha dumu langu. Nikataka nifungue boneti nitafute pa kuweka, Baba Mkubwa akanizuia, "Boneti ya nini? Hicho kitu ni cha dizeli?" Nikasema ndiyo. "Cha dizeli kinaingia kwenye dizeli. Mbona mnasumbua." Na mimi najua kabisa ndani ya moyo wangu kwamba sijui, lakini nimeshasema magari nayajua tangu Dar, nitarudije nyuma mbele ya Shangazi? Nikachukua faneli ileile ya sheli inayonuka dizeli, nikamimina. Ikaingia kama lita tatu hivi, nyingine imenimwagikia kwenye suruali yangu nyeusi ya Krismasi.

Huko kwa wenzetu Ulaya hii kitu inauzwa kwenye pampu kama mafuta, na tundu la tangi lake wamelifanya jembamba makusudi, mdomo wa pampu ya dizeli hauingii. Ila mdomo mwembamba wa adiblu kwenye tundu pana la dizeli unaingia bila shida. Sisi wa dumu na faneli ndo kabisa, hakuna cha kutuzuia zaidi ya akili, na akili siku hiyo ilikuwa imekalia kiti cha mbele inasubiri kiyoyozi.

Pembeni kulikuwa na dereva wa semi anakunywa chai kwenye kivuli. Nikasikia "Oya! Oya dogo!" nikajua ni wale wanaouza machungwa, nikapotezea. Baba Mkubwa kashachukua ufunguo, kajisogeza kwenye usukani awashe kiyoyozi. Yule dereva kaacha chai, kaja mbio kama kachomwa, akaingiza mkono dirishani, akampokonya Baba Mkubwa ufunguo mkononi, akarudi nyuma hatua tatu.

Mama Mkubwa kifua anacho. "MWIZIIIII!"

Jamani. Bodaboda wa Mombo sijui wanatokea wapi, sekunde hazifiki kumi wamemzunguka, mmoja kamkaba kola. Yule kaka kanyanyua mikono juu, ufunguo unaning'inia, kakabwa hivyo hivyo lakini adabu anayo, "Shikamoo mzee! Mzee wangu usiwashe! Wameweka adiblu kwenye tangi la dizeli!" Boda mmoja akauliza kwa ukali, "Adiblu ndo nani?" Na watu wote wakanigeukia mimi, nimesimama na dumu, suruali imelowa.

Ikabidi niseme. Kusema kwenyewe nilisema kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili.

Yule kaka alipoachiwa kola akatupa darasa palepale, na yeye anaijua maana semi lake ni la Ulaya linatumia hiyo kitu kila siku, kila lita mia za dizeli linakula kama lita nne tano za adiblu. Akasema hii haiingii kwenye injini kabisa, mzee. Ni urea na maji safi yaliyotolewa madini yote, basi, ile 32.5 ndo kiasi cha urea kwenye uzito wake, kilichobaki maji. Ina tangi lake peke yake na inapuliziwa kule kwenye ekzosi, ikikutana na joto inageuka amonia, amonia ikikutana na ule moshi wenye sumu ya naitrojeni ndani ya katalisti, kile chombo cha kusafisha moshi, vinatoka naitrojeni ya kawaida tu na mvuke. Ukiiweka kwenye dizeli ni sawa na kuweka maji, tena maji yanayokausha chumvi, yanaua pampu na nozeli. Na magari mengi hata kuwasha hujawasha, ukifungua swichi tu pampu inaanza kuvuta. Ndo maana nimekimbilia ufunguo, mzee wangu, nisamehe.

Baba Mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeeleza vizuri. Umesoma wapi?"

Shangazi yeye alishika neno moja tu. "Urea? Si ile ya kukuzia mahindi? Mbona ninayo nyumbani mfuko mzima, mngeniambia tungekoroga!" Yule kaka akashika kichwa. Hapana shangazi, ile ya shambani ina mambo mengine mengi ndani, ukikoroga na maji ya bomba unaziba kila kitu, katalisti yenyewe ukisikia bei yake utauza kihamba.

Akaitwa fundi wa jirani. Fundi kuja, kabla hajashusha hata boksi la spana, "Hiyo adiblu mimi naizima kwa kompyuta, laki tatu, usumbufu basi." Mnawajua hao. Tukamwambia sisi tunataka tangi lishushwe mafuta, basi alale chini. Akalala chini, akauliza chombo cha kukingia kiko wapi. Ndoo ya sheli imetoboka. Kila mtu akawa anatazama pembeni. Halafu taratibu, kama tumeambizana, macho yote yakaenda kiti cha nyuma.

Mama Mkubwa akalikumbatia. "Hili ni la pilau."

Sitaki kukumbuka yale majadiliano. Kitenge kilifunguliwa kwa machozi, nasema ukweli.

Lita hamsini na kitu za dizeli zikashukia kwenye sufuria la pilau na zikahamishiwa kwenye madumu ya kuokoteza. Fundi akachota kidogo ya mwisho kabisa kwenye chupa ya maji, akaiweka juani, na baada ya muda tukaona kwa macho, dizeli juu ya njano na chini maji meupe yametulia yenyewe, maana adiblu ni nzito kuliko dizeli na hazichanganyiki. Baba Mkubwa kaishika ile chupa kama yuko maabara, anawaonyesha bodaboda. Ile mwizi wao ilishageuka kipindi cha sayansi. Dizeli ya laki na nusu imekwenda na maji, nyingine tena tukanunua, na fundi akalipwa, na wa kuchangia ni mimi ambaye sikuwa na nauli.

Sasa adiblu yenyewe, lita kama saba zimebaki kwenye dumu. Mimi huyo na faneli yangu. Yule kaka akanipiga kofi la mkono, si la kuumiza, "Dogo wewe una nini na hilo faneli? Lina dizeli hilo! Tone la dizeli likiingia tangi la adiblu linavimbisha mpira wote wa mle ndani." Akachukua chupa mpya ya maji, akaikata, akaisuuza na adiblu yenyewe kidogo, si maji ya bomba, akamwaga. Akaangalia tarehe kwenye dumu, akauliza nimeiweka wapi. Nikasema kwenye buti. Akasema siku nyingine weka kivulini ndani ya nyumba, ikipita nyuzi joto 30 muda mrefu inachoka mapema. Kuganda usiogope, inaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, labda upaki Kibo.

Halafu akafungua boneti. Ile boneti ambayo tulikatazwa kuifungua. Kifuniko cha bluu, kikubwa, kipo mbele kabisa kinatutazama, kimeandikwa AdBlue. Kwa herufi za kwetu hizi, a, b, c. Kwenye gari zima lenye Kijapani kila kona, neno hilo moja tu ndo lilikuwa linasomeka, na ndo hatukuliona.

Tukajaza. Gari likawashwa. Likakaa kidogo, kitaa kikazima, namba zikapotea. Shangazi akapiga kigelegele. Yule kaka tulimlazimisha achukue hela ya chai akakataa, akasema mninunulie tu ile chai niliyoiacha. Mama Mkubwa akamwomba msamaha kwa ile mwizi, akamwambia ni mshtuko tu mwanangu, akampa na machungwa.

Kutoka hapo mpaka Moshi harufu ya sufuria ndani ya gari imetushikilia koo, madirisha wazi yote, kiyoyozi ambacho ndo kilianzisha yote hakikuwashwa. Suruali yangu ikakauka. Kumbe ile kitu ikikauka inaacha chumvichumvi nyeupe, maji matupu tu yanaitoa lakini mimi maji niyatoe wapi, nimeshuka nyumbani Moshi usiku nina mapaja meupe kama nimetoka kusaga unga, na bibi kanipokea na "mwanangu umekuwa fundi chokaa?"

Ukoo wote umekaa nje, moto unawaka, kata ya mbege inazunguka. Wakauliza mbona mmechelewa hivi. Nikafungua mdomo. Baba Mkubwa akanyanyua mkono, kimya kikaingia kama mstarini shuleni.

"Gari lilikuwa linadai maji," akasema. "Mimi nikawaambia mapema. Huyu kijana ndo akabisha."