Ile asilimia 5 ya kazi za serikali ihesabiwe mlangoni

Ukisoma tangazo lolote la kazi ya serikali hapa Nairobi, chini kabisa utakuta ule mstari wa kusema watu wenye ulemavu wanahimizwa kutuma maombi. Na wanatuma, sana tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka polepole tufike angalau asilimia 5 kwa wanaochaguliwa na wanaoteuliwa, alafu sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025 ikaweka hiyo 5 kwa kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu. Lakini ingia hizo ofisi uangalie, bado tuko mbali sana.

Wanaopinga wanauliza, sensa ya 2019 ilipata watu wenye ulemavu ni asilimia 2.2 pekee, kama laki tisa hivi, sasa 5 itatoka wapi? Swali linaonekana zito mpaka upige hesabu. Wafanyakazi wote wa umma, ukiweka walimu na kaunti ndani, ni kama milioni moja hivi, kwa hivyo 5 ni kama watu elfu hamsini. Toa watoto, toa wazee, toa wasiosoma kwa laki tisa, bado watu wapo.

Hoja ya uwezo naiheshimu zaidi, manake mwananchi aliyepanga laini Huduma Centre, ile ofisi ya huduma za serikali pale GPO, anataka mtu anayejua kazi, basi. Shida ni kwamba wengi wanaangushwa kabla uwezo wao haujapimwa na yeyote. Intavyu inawekwa orofa ya nne na lifti imekufa, kiziwi anafika anakuta hakuna mkalimani wa lugha ya ishara anaambiwa aandike majibu kwa karatasi huku wenzake wanaongea na paneli, asiyeona anapewa mtihani uliochapishwa wa kawaida, na hapo hatujataja matatu iliyompita stejini asubuhi kwa sababu ya wiilicheya. Sheria ya zamani ya watu wenye ulemavu, ya 2003, iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kurekebisha. Mtu akikosa kazi kwa sababu ya ngazi, tusimwambie ni uwezo.

Kwa pesa nakubaliana nao nusu. Mishahara ya umma imelemea nchi, kaunti hairuhusiwi kupitisha asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, na mkalimani analipwa, skrini rida, ile programu ya kumsomea asiyeona maandishi ya kompyuta, inanunuliwa, msaidizi wa kumwongoza asiyeona naye anahitaji kulipwa. Mkuu wa idara akiachiwa hizo gharama kwa bajeti yake ndogo atamkwepa huyo mtu kimyakimya, hata kama ana roho safi. Kwa hivyo hiyo pesa itoke Hazina ya Taifa moja kwa moja, kando na bajeti ya idara.

Sasa kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, na ni jinsi tunavyohesabu. Mfanyakazi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, mwenye ulemavu 65, na akiwa na cheti cha msamaha wa kodi halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Kumekuwa na malalamiko ya watu wanaokaribia 60 kukimbilia kadi ya ulemavu, na wengine kweli wanadanganya. Lakini tuwe makini hapa, kisukari kinakata miguu, stroku inakuja na umri, barabara zetu zinavunja watu kila siku, huyo aliyeumia akiwa kazini ana haki yake yote na asisumbuliwe. Ila alishaajiriwa zamani! Ukimweka kwa ile hesabu ya 5, ripoti inapanda na yule kijana aliyemaliza chuo akitumia breli bado yuko nje na bahasha yake.

Kwa hivyo Tume ya Utumishi wa Umma itoe hesabu mbili kila mwaka, waliopata ulemavu wakiwa ndani kando, na walioajiriwa wakiwa nao kando, kwa kila wizara na kwa kila jobu grupu, yaani daraja la kazi, ndio tujue kama wote wanarundikwa mapokezi na kwa simu. Wizara ikiajiri watu 200 na wenye ulemavu hawafiki 10, iandike sababu, na iseme pia ni wangapi waliitwa intavyu na wakakuta mlango unaingilika.