Kwini zilikuwa mbili, si tatu

Hebu tusahihishane kwanza. Rafiki yangu aliyewarushia ile voisi mkacheka mpaka mbavu zikawauma amesema kwenye ile mechi yangu ya chesi nilikuwa na kwini tatu, tena amesema nililia. Kwini zilikuwa mbili. Na kama kuna aliyelia usiku ule, ni punda wa uchochoro wa nyuma.

Haya. Ile ligi yetu ya chesi ya mtandaoni, Lamu na Malindi, mwaijua, tulianza 2020 wakati wa korona kafyu imetufungia ndani, kafyu ilipoondoka kila mtu akarudi kwenye mpira wake na ligi ikafa hivyo hivyo bila hata matanga. Mimi kwa kiherehere changu, hakuna aliyenituma, nikasema naifufua. Bando langu, usingizi wangu, nabembeleza watu wazima na ndevu zao waingie Lichess, ile tovuti ya chesi, nawaambia ni bure na hakuna matangazo, wananijibu "inshallah" ile ya kukufukuza. Mwisho nikapata wanne huku na wanne kule. Mwenye kijiwe cha kahawa hapa Lamu, Langoni, nikamwomba atuwekee kwenye tivii ya mpira, akakubali, maskini.

Ijumaa baada ya isha pamejaa. Hata wazee wa bao wametoka Mkunguni kuja kuona huo mchezo wa simu. Dakika 10 kila mmoja, nyongeza sekunde 5 kila hatua. Meza tatu zikaisha moja na nusu kwa moja na nusu, nikabaki mimi, na simu iliyounganishwa na tivii ni yangu.

Na nilikuwa nampiga jamani! Jamaa wa Malindi kabaki na mfalme mtupu, mimi nina kwini na kiaskari kimoja. Mtu mwenye adabu angemaliza akaenda kulala. Mimi nikaona watu wamenunua kahawa, wapewe shoo, nikakitembeza kile kiaskari mpaka mwisho kikawa kwini ya pili, kijiwe kizima makofi, nikageuka nikawaambia (naam, nilisema, hilo hakuongeza), "Tazameni wanaume wanavyofunga."

Mfalme wake kajibanza kwenye kona. Hapa someni polepole, maana mimi naiona hivi hivi kila nikifumba macho. Saa ninayo tele. Kidole kimeshika kwini ya kwanza, naivuta, iko katikati ya njia, na nasikia kabisa sauti kichwani ikisema wewe, si wewe unayewafundisha watoto Jumamosi kwamba mfalme akiwa konani usimwekee kwini hatua ya farasi (mbili mbele, moja kando), hana cheki, yaani hashambuliwi, na hana pa kwenda, ni sare? Niliisikia. Nikaikubali. Kidole kikaachia. Kwini ikatua, tap, palepale hatua ya farasi, na tivii ikaandika nusu kwa nusu kwa maandishi makubwa mpaka aliye barabarani asome.

Kimya. Ndipo yule punda.

Kisha mzee mmoja wa bao akauliza, taratibu, "Mwanangu, huyo mfalme ana pa kwenda?"

"Hana, ami."

"Basi kafungwa."

"Hapana ami, ni sare."

"Sare? Kwenye bao asiye na kete ya kucheza kashindwa. Weye una malkia wawili, yeye hana hata mtu wa kumpikia chai, na mwasema mko sawa?"

Sijui shetani gani akanituma nijitetee. Nikamwambia hata hiyo nusu nishukuru, huko Uingereza karne ya 18 aliyemzuia mwenzake namna hii ndiye aliyehesabiwa kashindwa.

Mzee akafikiria. "Waingereza wale walikuwa na akili."

Mengine ni hayo mliyosikia. Mbili kwa mbili, kahawa ya kijiwe kizima nikalipa mimi kwa sheria nisiyoijua, Malindi wakabadilisha picha ya grupu, nikapita uchochoroni mpaka nyumbani.

Ila wale wa "inshallah" simu zao zimepata uhai ghafla. Shela wameleta timu nzima, Matondoni wanauliza fomu iko wapi, na kila mmoja anaomba apangwe na mimi. Foleni yangu imejaa jamani, wekeni majina meza ya pili.