Miaka 21 ya Australia na 9 ya kwetu

Kuna hii namba inaitwa miaka ya shule inayotarajiwa, UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wanaitoa kwenye ripoti yao ya maendeleo ya watu, na ikitua kijiweni kwetu hapa Moshi watu wanaibeba kama matokeo ya mechi. Ripoti ya 2021/22 Australia ilikuwa 21.1, Tanzania 9.2, Sudan Kusini 5.5, basi jamaa anakwambia si unaona, wenzetu wanasoma mara mbili yetu na zaidi.

Taratibu kwanza. Wanachofanya pale ni kuangalia leo hii watu wa kila umri asilimia ngapi wako shule, wanajumlisha, halafu wanasema mtoto anayeanza sasa, mambo yakibaki hivi hivi, atasoma miaka kadhaa. Na Australia watu wazima kibao wanarudi vyuoni kusomea ufundi na kozi nyingine, nao wanahesabiwa, ndo maana namba inapaa. UNDP wenyewe wakipiga hesabu ya kipimo chao cha maendeleo ya nchi wanaikata kwenye 18, ikizidi hapo haikuongezei kitu.

Halafu kukaa darasani na kuelewa ni vitu viwili. Juzi nimemtuma mtoto wa jirani, yuko la nne, nikamwandikia karatasi aende dukani kwa Mangi: sukari robo, majani ya chai, kiberiti. Nikamwambia hebu isome, sukari akaenda nayo herufi kwa herufi mpaka akafika, kiberiti akakwama kwenye "be", akacheka akaikunja akaweka mfukoni, Mangi ataisoma mwenyewe. Miaka yake yote minne imo kwenye hiyo namba. Benki ya Dunia walijaribu kuchuja hili 2020, kwa hesabu yao mtoto wa Tanzania anapata miaka 7.2 mpaka afike umri wa miaka 18, ukitoa ambacho hakukielewa inabaki 4.5. Inauma hiyo.

Ila wanaosema namba ya UNDP tuitupe hapana, hapo siendi nao. Mlango wa shule ni kitu, na serikali ikiugusa watoto wanaongezeka ndani: 2016 ada ikaondolewa mpaka fom foo, mwishoni mwa 2021 mabinti waliojifungua wakaruhusiwa kurudi, 2022 ada ya fom faivu na siksi nayo ikaondoka. Sera mpya ya elimu inataka elimu ya lazima iwe miaka 10, kwahiyo namba hii ndo inakuonyesha kama tunaifikia au ni maneno ya kwenye karatasi. Na wazee wa huku mlimani waliouza kahawa wakalipa ada hawakusubiri kwanza mwalimu awe mzuri, maana mtoto anayeuza karanga stendi hata uboreshe mtaala vipi haumhusu.

Yule dogo alirudi na vitu vyote vitatu. Chenji alishaihesabu njiani, akaniambia Mangi katupunja mia mbili, na kweli.