Uwongo Njoo: Mahali Hadithi za Watoto Zinapoanzia

Miaka michache iliyopita niliandika hadithi ya watoto ambayo niliamini kuwa haina kasoro. Ilimhusu msichana mwenye bidii anayeamka alfajiri, anayefagia uwanja, anayechota maji na bado anawahi shuleni, na ambaye mwishoni anapewa zawadi mbele ya wenzake wote. Nilipopata nafasi ya kuwasomea watoto wa darasa la tatu katika shule moja mjini Tanga, niliisoma kwa madaha, nikitua kila mahali panapostahili kutuliwa. Kabla sijafika ukurasa wa nne, mtoto wa dawati la mbele alikuwa amekwisha kuanza kuchonga penseli, na wawili wa nyuma walikuwa wakicheza visoda chini ya meza. Nilipomaliza niliuliza kama kuna mwenye swali. Mkono mmoja ukanyanyuka.

“Yule mbuzi aliyekula daftari, alikula la Hesabu au la Kiswahili?”

Mbuzi huyo nilikuwa nimemsahau. Alipita katika sentensi moja tu ya ukurasa wa pili, nilipohitaji kisingizio cha msichana wangu kulia kidogo kabla ya kufanikiwa. Lakini darasa zima liliamka. Mmoja alidai kwamba mbuzi aliyekula hesabu za kujumlisha lazima atazaa mapacha. Mwenzake akampinga kwamba hesabu za wiki ile zilikuwa za kutoa, kwa hiyo mbuzi atakonda mpaka aishe. Mwalimu wao alijaribu kuwarudisha kwenye “funzo la hadithi”, nami, ambaye ndiye niliyelitia hilo funzo humo, nilitamani anyamaze.

Tangu siku hiyo nimeshikilia maoni ambayo baadhi ya waandishi wenzangu hawayapendi, kwamba hadithi ya watoto inayoanzia kwenye funzo huzaliwa ikiwa imechoka. Anayekaa mezani akijiuliza “leo niwafunze nini watoto, usafi au utii?” anatafuta msukumo mahali usipokaa. Afadhali angetafuta swali ambalo mtoto angeliuliza, akalifuata kokote linakokwenda, hata kama linakwenda kwenye tumbo la mbuzi.

Wazee wetu walilijua jambo hili kutuzidi. Bibi yangu hakuanza kusimulia kabla hatujaitikia, na mwitiko wenyewe ulikuwa ni mwaliko: “Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea.” Tazama mpangilio wa wageni hao. Baada ya hadithi anaitwa uwongo, tena kwa jina lake kamili, bila kuonewa haya, ndipo utamu unapopata njia ya kukolea. Hakuna anayesema “funzo njoo”. Funzo likija, huja lenyewe na kukaa kimya pembeni kama mgeni asiyealikwa. Lakini uwongo usipokuja, hakuna kinachokolea. Siku hizi mgeni wa pili tumemfungia mlango, kisha tunashangaa kwa nini chakula kimepoa.

Chukua kisa cha kima na papa, ambacho kinafahamika pwani nzima na ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikiweka katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja uliochapishwa London mwaka 1870. Kima anakula kuyu juu ya mti ambao nusu ya matawi yake imeinamia bahari, na kila siku anamrushia papa aliye chini. Papa anamkaribisha kwao, anambeba mgongoni, na walipofika katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwa utulivu kwamba ni bahati mbaya hakuambiwa mapema, kwa kuwa kima wanaposafiri huiacha mioyo yao mitini na kutembea na viwiliwili vitupu. Papa anageuza njia.

Unaweza kusema kisa hicho kinafunza kuwa makini na marafiki, na ni kweli kinafunza. Lakini mimi nilipokisikia nikiwa na miaka sita au saba, usiku kucha niliiwaza ile mioyo tu. Je, imetundikwa kwa kamba au imewekwa penye panda ya tawi? Kunguru hawaili? Mvua ikinyesha inakuwaje? Naamini aliyekibuni kisa hiki, popote alipokuwa na katika karne yoyote, maana ndugu zake wanapatikana hata katika ngano za kale za Bara Hindi, alianza na picha hiyo ya moyo ulioachwa mtini.

Basi picha kama hizo zinapatikana wapi? Kwangu mimi, mahali pa kwanza ni pale watoto wanapocheza bila kujua kwamba wanatazamwa. Jirani yangu ana mtoto wa kiume anayetengeneza magari ya waya. Juzi nilimwona amechuchumaa kibarazani na ndala moja kuukuu, akichora juu yake duara kwa kutumia kisoda, kisha akikata taratibu kwa wembe, ulimi ukiwa umetoka nje kidogo upande wa kushoto. Alitoa magurudumu matatu kabla ya kufika kwenye tundu la mkanda. La nne halikutosha. Alilitazama lile tundu kwa muda, kisha akaingia ndani, na dakika mbili baadaye nikasikia sauti ya dada yake: “Mama! Ndala yangu moja haipo!” Katika daftari langu niliandika maneno mawili tu, “gurudumu la nne”, na hadithi iliyotokana nayo ndiyo iliyonipa taabu kidogo kuliko zote nilizowahi kuandika.

Hazina nyingine, ambayo waandishi wengi huiacha kwa walimu wa fasihi simulizi, ni vitendawili. Tunavikariri kwa ajili ya mtihani mpaka vinapoteza ladha, ilhali kila kimoja ni hadithi iliyokunjwa. “Nyumba yangu haina mlango,” ukajibiwa kuwa ni yai, mambo yakaishia hapo. Hebu kataa kujibu. Anayeishi katika nyumba isiyo na mlango anajuaje kuwa kumekucha? Anaposikia mgongano wa ganda la jirani yake, anadhani ni nini? “Kuku wangu katagia mwibani.” Kwa nini huko? Nani alimfukuza kwenye kiota? Sidhani kama lugha yetu ina mtaji mkubwa zaidi ya huu kwa mwandishi wa watoto, na hautozwi hata senti moja.

Jambo jingine ambalo limenisaidia ni kumwandikia mtoto mmoja badala ya “watoto”. Mwandishi na mchoraji wa Kiingereza Beatrix Potter, mnamo Septemba 1893, alimwandikia barua mtoto mgonjwa wa miaka mitano, mwana wa mwalimu wake wa zamani. Alimweleza kwamba hakujua amwandikie nini, hivyo angemsimulia kisa cha sungura wanne wadogo, na akakichorea. Mtoto aliihifadhi ile barua. Miaka kadhaa baadaye mwandishi aliiazima, akaipanua ikawa kitabu, wachapishaji wakamkatalia, naye akakichapisha kwa fedha zake mwenyewe, nakala 250, mwezi wa Desemba 1901. Mwaka uliofuata kikatolewa na kampuni iliyokuwa imekikataa awali. Kinachonivutia katika mkasa huo ni ile kauli ya mwanzo ya mtu asiyejua la kusema, aliyekuwa na mtoto mmoja tu wa kumfurahisha kitandani.

Najua jibu nitakalopewa. Wahariri huuliza “ujumbe ni upi?”, kwa sababu mnunuzi mkuu wa kitabu cha watoto kwetu ni shule, na shule inataka kitu cha kufundishia. Sibezi hoja hiyo. Bila juhudi kama zile za Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini Tanzania mwaka 1991, watoto wengi wasingekuwa na kitabu cha hadithi cha Kiswahili cha kushika mkononi. Hata hivyo, mhariri anapouliza ujumbe, mswada huwa umekwisha kuandikwa, na wakati huo ujumbe unaweza kutafutwa humo ndani na ukapatikana, kwa sababu hadithi yenye uhai haikosi la kusema. Kosa letu ni kulipeleka swali la mhariri mwanzoni mwa kazi, kabla ya mbuzi hajaingia uwanjani.

Hadithi ile ya msichana mwenye bidii niliitupa. Mbuzi nilimbakiza, na sasa anajua kuhesabu kwa kurudi nyuma tu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaani kwetu kuanzia magharibi. Tulikaa barazani na taa ya chemli, na mpwa wangu wa miaka mitano amenilalia pajani. Umeme uliporudi, majirani walipiga kelele za furaha kama kawaida: “Umerudi! Umerudi!” Mtoto akainuka, akaitazama ile balbu ya barazani kwa macho ya mtu anayemkagua msafiri.

“Mjomba, ulikuwa umekwenda wapi?”

Nimekwisha kuandika kurasa tatu. Umetoka nyumbani, umepita juu ya nyaya hadi nguzo ya mwisho karibu na mikoko, na hapo nimekwama, kwa sababu bado hatujakubaliana, mimi na yeye, ni nani aliyekuwa akiusubiri.